Kucheza Ngoma ni Kujifunza

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu adhani alijua, nalo ni kucheza ngoma. Sitasema habari za kuitazama ngoma, wala za kuisifu, maana hizo zimesemwa sana. Nitasema habari za yule achezaye: afanye nini aliye dhaifu ili awe mchezaji wa kadiri, na aliye wa kadiri ili awe mzuri.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Je, ngoma nayo yahitaji mwalimu? Mtoto akiweza kutembea amekwisha weza kucheza." Na wengine watasema kinyume chake: "Ngoma ni kipaji. Mwenye miguu ya ngoma huzaliwa nayo, na asiye nayo akae pembeni apige makofi." Maneno haya mawili yapigana, walakini mwisho wake ni mmoja, kwa kuwa yote mawili humzuia mtu asijifunze. Wa kwanza hajifunzi kwa sababu adhani ajua. Wa pili hajifunzi kwa sababu amekwisha kata tamaa. Mimi mwenyewe nilipata kuingia katika makosa yote mawili, moja baada ya jingine, na hasara yake niliilipa kwa mbuzi. Nitawaeleza.

Nchi ya Wasukuma iko kusini ya Ziwa Viktoria, na huko ngoma ni mashindano. Mavuno yakiisha kuingia ghalani, katika miezi ya kiangazi tangu Juni hata Agosti, watu hukusanyika viwanjani. Vyama vikubwa ni viwili, Bagalu na Bagika. Husimuliwa ya kuwa asili yake ni waganga wawili wa katikati ya karne ya 19, Gumha na Ngika, walioshindana ili ijulikane dawa ya nani ina nguvu zaidi. Wafuasi wa Gumha ndio Bagalu, na wafuasi wa Ngika ndio Bagika. Ndani ya vyama hivyo mna vikundi vya namna nyingi. Wako wachezao na majembe, na ngoma yao ni bugobogobo, ambayo yatokana na kulima kwa pamoja, ngoma ikipigwa shambani na majembe yakiinuka na kushuka kama mkono mmoja. Wako bagoyangi, ambao hucheza na chatu. Wako na banunguli, ambao asili yao ni wawindaji wa nungunungu.

Hukumu ya mashindano hayo, kwa desturi ya zamani, ni ya ajabu. Hakuna mwamuzi mwenye daftari na kalamu. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, hawa huku na hawa huko, na watazamaji wana hiari ya kwenda watakako. Upande uliozungukwa na watu wengi ndio ulioshinda. Basi mchezaji akikosea, haambiwi neno na mtu. Huona migongo tu.

Mimi niliiona migongo hiyo nilipokuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, mchezaji wa jembe. Mwaka ule sikufanya mazoezi hata kidogo, maana nilijiona hodari. Bali nilichukua mbuzi jike niliyepewa na mama yangu, nikampelekea mtu mmoja aliyesema ana dawa ya kuvuta watu, naye akanipa unga wa kujipaka mikononi. Siku ya mashindano tulianza vizuri, na watu wakaja kwetu. Ndipo nilipotaka kuonyesha maajabu yangu. Nikalirusha jembe juu likazunguka, nikanyosha mkono kulidaka, likapita. Likaanguka mbele ya mstari, na mwenzangu wa kulia akaruka asikatwe mguu. Mstari ukapinda. Wimbo ukakatika. Nilipoinua macho, watu walikuwa wakigeuka mmoja mmoja, kisha wengi, wakaenda upande wa pili.

Jioni ile nikasema, "Wametuzidi kwa dawa." Mjomba wangu, ambaye alikuwa mpiga ngoma wetu, alikuwa akilegeza kamba za ngoma yake. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mpwa wangu, jembe lilianguka katika pigo gani?"

Nikamjibu, "Sijui, mjomba."

Akasema, "Hiyo ndiyo dawa iliyokushinda."

Nikanyamaza. Kesho yake nikamwambia kwamba nimeacha ngoma, maana nimetambua ya kuwa sina kipaji. Naye akaniuliza tena, "Nani alikuona ukijifunza, hata ajue kama kipaji unacho au hunacho?" Neno hili sikuweza kulijibu. Basi tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake, na mengi ya haya nitakayowaambia ni yake.

Lakini kabla ya mafundisho yenyewe, nataka mjue ya kuwa mjomba hakuwa peke yake katika fikira hii. Tazameni Rwanda. Katika enzi ya wafalme, vijana walioitwa intore, maana yake waliochaguliwa, walifundishwa katika nyumba ya mfalme. Walifunzwa kucheza pamoja na adabu, usemaji na mambo ya vita. Hakuna aliyewaambia, "Mmezaliwa mkijua." Tazameni na ngoma ya beni, iliyoanza katika mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, ikaenea Tanga na Dar es Salaam na bara yote, hata watu wakagawanyika kuwa Marini na Arinoti. Watu wa beni walijizoeza kwa zamu kama askari wa gwaride, wakawa na vyeo vyao, na mstari wao ulinyoka kwa kuwa walikuwa wameunyosha mara nyingi kabla ya siku ya kuonyesha. Na huko Bagamoyo kilianzishwa chuo cha sanaa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Humo mwanafunzi hujifunza ngoma kama vile mwingine ajifunzavyo hesabu, na hutahiniwa. Basi yeyote asemaye kwamba ngoma haifundishwi, na aende akawaulize hao.

Sasa nitaanza mafundisho, na la kwanza ni masikio.

Watu wengi wakitaka kujifunza ngoma huanza na miguu. Ni kosa. Mguu ni mtumishi, na bwana wake ni sikio. Mtumishi asiyesikia amri atafanya kazi gani? Mjomba alinikataza kucheza kwa muda wa majuma mawili. Aliniketisha chini karibu na ngoma, akaniambia nisikilize ngoma moja tu mpaka niweze kuisema kwa kinywa. Ngoma kubwa husema neno lake, na ngoma ndogo husema jingine. Kama huwezi kuyasema maneno hayo kwa ulimi ukiwa umeketi, hutaweza kuyasema kwa miguu ukiwa umesimama na watu wakutazama.

Nitawapa zoezi moja ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya akiwa ameketi hapo alipo. Hesabu pole pole toka moja hata sita, kisha rudia tena na tena bila kukatiza. Mkono wa kulia upige paja katika moja, tatu na tano. Mkono huo pekee kwanza, mpaka uzoee. Kisha uache, na mkono wa kushoto upige katika moja na nne. Ukizoea, yafanye yote mawili kwa pamoja. Utaona ya kuwa mkono wa kulia umepiga mara tatu na wa kushoto mara mbili, na wote wawili wamekutana tena katika moja. Mwanzo mikono itagombana, na utacheka. Usikasirike, hesabu pole pole zaidi. Siku itakapotulia utasikia kitu kimoja chenye nyuso mbili. Ngoma nyingi za Afrika zimejengwa juu ya mapigo ya namna hii, na mtu asiyeyasikia husema, "Ngoma hii yanivuruga," kumbe anayejivuruga ni yeye.

Ukiisha kusikia ngoma mbili kwa pamoja, jifunze kujua mahali pa kuingia. Mwanafunzi hukimbilia pigo kwa hofu ya kuchelewa, naye huwahi kabla ya wakati. Hili ndilo lililoniangusha mimi. Nililirusha jembe kabla ya pigo lake, nikanyosha mkono kabla ya jembe kushuka. Mjomba alikuwa akisema, "Ngoma haikimbii. Ingoje, itakukuta."

La pili ni magoti na nyayo.

Mtazame mtu asiyejua kucheza: magoti yake yamekazwa kama miti mikavu. Akishuka chini, pigo lote la ardhi hupanda mpaka kiunoni na mgongoni, na baada ya muda kidogo amechoka, na kesho yake aumwa. Mjuzi hulegeza magoti, nayo hulipokea pigo pole pole. Basi jifunze kwanza kusimama magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyoka, na uzito wa mwili uko sawa juu ya miguu yote miwili. Kaa hivyo huku ukihesabu hata mia. Mapaja yatawaka moto. Moto huo ndio ada ya shule hii.

Kisha tazama namna unavyotua. Morani wa Kimasai arukapo, visigino vyake havigusi ardhi. Hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo na papo hapo hupaa tena. Mchezaji wa Rwanda naye hukanyaga kwa nguvu, njuga zikalia miguuni. Ngoma hizi si moja, na kila moja ina mguu wake. Usichukue mguu wa ngoma hii ukautia katika ile. Muulize mwalimu wako: Je, hapa twakanyaga kwa wayo mzima, au kwa mbele, au kwa kisigino? Swali hili dogo litakuokoa miezi.

Na maadam nimezitaja njuga, nitasema neno juu yake. Njuga ni shahidi asiyehongwa. Mguu ukichelewa, njuga hulia peke yake, na watu wote husikia. Huko Pemba iko ngoma iitwayo msewe, ambayo yaitwa kwa jina la vyombo wavifungavyo wachezaji miguuni ili vilie. Jina la ngoma nzima ni sauti ya miguu! Basi jizoeze kwanza bila njuga, ujue mwendo. Kisha zifunge, usikilize sauti yako mwenyewe. Usizingoje mpaka siku ya mashindano, maana uzito wake hubadili mguu, na mguu uliobadilika hauna wakati wa kujifunza mbele ya watu.

La tatu ni pumzi.

Katika ngoma nyingi mchezaji huimba. Mtu acheza robo saa, na bado lazima wimbo utoke. Akikosa pumzi, wimbo hufa kwanza, kisha miguu hufuata. Njia ya kujizoeza ni nyepesi: uendapo kisimani au shambani, panda mlima ukiimba. Usipunguze mwendo wala usikate wimbo. Tena jifunze kutoa pumzi pale penye nguvu, yaani mguu ukanyagapo au jembe lishukapo, kama vile mtwangaji atoavyo sauti mchi ukishuka kinuni. Mtu akizuia pumzi, mwili wote hukakamaa. Wala usile chakula kizito kabla ya kucheza, wala usinywe pombe ili upate ujasiri. Pombe haimwongezei mtu ujasiri, humpunguzia kuona makosa yake. Maji ndiyo kinywaji cha mchezaji, tena ayanywe kidogo kidogo.

La nne ni mikono na kile kilichomo mkononi.

Katika Usukuma huko huko iko ngoma iitwayo wigaashe, ambayo huchezwa watu wakiwa wameketi. Hapo miguu imepumzika, na mchezo wote uko katika mikono, mabega na kiwiliwili. Mtu aonaye ya kuwa ngoma ni miguu tu, na akaitazame. Na wanawake wa pwani wachezapo lelemama hawarukiruki. Husogea kwa mwendo mdogo sana, na uzuri wake ni utulivu na usawa wa mikono. Nawaambieni kweli, kufanya kidogo kwa usawa ni kazi kubwa kuliko kufanya kingi kwa fujo. Vijana wetu hawapendi kuambiwa neno hili.

Kwa habari ya kuchukua chombo, nitasema juu ya jembe, maana ndilo nilijualo. Mjomba hakunipa jembe. Alinipa mpini mtupu. Kwa muda wa mwezi mmoja niliuzungusha mpini nikiwa nimesimama tu, sichezi. Kisha nikauzungusha nikitembea. Kisha nikitembea kwa ngoma ya pole. Ndipo akanirudishia jembe, na hapo tukaanza tena toka mwanzo, kwa kuwa chuma kina uzito na uzito hubadili mzunguko. Alinifunza mambo matatu. Kwanza, nguvu ya kurusha yatoka magotini, si begani. Magoti yakinyoka, jembe hupanda lenyewe. Pili, macho yatazame mahali jembe lifikapo juu kabisa, maana likifika hapo husimama kitambo kidogo kabla ya kushuka, na kitambo hicho ndicho cha kujiweka sawa. Tatu, usirushe kamwe palipo na mtu karibu mpaka umelidaka mara mia peke yako bila kukosa hata mara moja. Nilipomkumbuka mwenzangu aliyeruka asikatwe mguu, sikuliona agizo hili kuwa kali.

La tano ni wenzako.

Mtu aweza kuwa na masikio mema, magoti mema na pumzi njema, na bado akaiharibu ngoma. Huyu ni yule apendaye kuonekana. Watu wakipiga makofi, hutoka mstarini asipotolewa, na kuongeza lake lisilokubaliwa. Katika ngoma nyingi liko zamu la mtu kutoka na kuonyesha ufundi wake, na zamu hilo ni zuri. Lakini lina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kiongozi ndiye mwenye ufunguo. Anayebaki mstarini hafanyi kazi ndogo. Yeye ndiye ukuta ambao juu yake pambo huonekana. Ukuta ukianguka, pambo litatundikwa wapi?

Ili kuujua mstari, jizoezeni namna hii. Chezeni watu watatu bega kwa bega bila ngoma, mkihesabu kimoyomoyo, hakuna kusema. Baada ya hesabu ya sitini na nne, simameni. Mkisimama pamoja, mwasikilizana. Mkisimama mmoja mmoja, ngoma imekuwa ikiwafichia aibu yenu.

Na ninyi mtakao kucheza, mheshimuni mpiga ngoma. Afadhali mjifunze kupiga kidogo, hata kama hamtapiga mbele ya watu. Miongoni mwa Wagogo, wanawake wachezao muheme ndio wapigao ngoma zao wenyewe, wakizishika katikati ya miguu. Mikono yao na miguu yao imesoma kitabu kimoja. Mchezaji aliyepata kushika ngoma hachezi tena juu ya ngoma. Hucheza ndani yake.

La sita ni namna ya kujizoeza, na hapa nawaomba wanafunzi wasikilize sana, maana kanuni hii itawafaa hata katika masomo.

Robo saa kila siku yashinda nusu siku nzima mara moja kwa juma. Mwili hujifunza kama shamba linyweavyo mvua: ya kidogo kidogo huingia, ya gharika hupita juu na kuondoka na udongo. Jizoeze pole pole kuliko mwendo wa kweli. Kosa lililojificha katika haraka hujionyesha katika upole. Usianze kila siku toka mwanzo wa mchezo, maana hivyo mwanzo utaujua sana na mwisho hutaujua kabisa. Anza pale penye taabu, upafanye mara kumi, kisha uunganishe na la kabla yake na la baada yake. Na ukichoka hata mguu ukawa waburuta, acha. Mguu uliochoka nao hujifunza, lakini hujifunza makosa.

Na kioo? Kioo cha mchezaji wa kijijini ni kivuli chake. Simama asubuhi au alasiri, jua likiwa nyuma yako, juu ya uwanja uliofagiwa. Tazama kivuli. Utaona mgongo ulioinama ambao ulidhani umenyoka, na mkono wa kushoto ulio chini kuliko wa kulia. Kivuli hakikusifu wala hakikuonei. Kisha mwite rafiki mmoja, si watano, akutazame. Usimwulize, "Je, nacheza vizuri?" maana atasema ndiyo kwa adabu. Mwulize, "Ni wapi nilipopotea?" Swali hilo humpa ruhusa ya kusema kweli.

Jambo la mwisho ni heshima ya ngoma yenyewe. Kila ngoma ilizaliwa na kazi yake: kulima, kuwinda, kuoza, kuzika, kufunda watoto. Kabla ya kujifunza hatua, mwulize mzee: Ngoma hii ni ya nini, na huchezwa lini, na nani? Ziko ngoma za unyago na za jando ambazo zina mlango wake, na asiyeingia mlangoni asizicheze uwanjani ili achekeshe watu. Ajuaye maana ya ngoma hucheza tofauti na asiyeijua. Mimi nilipokuwa nikilima na wenzangu huku ngoma yapigwa shambani, ndipo nilipofahamu kwa nini mkono hushuka pale ushukapo. Ulikuwa ukishuka kwenye udongo. Tangu hapo sikuhitaji kulikumbuka pigo lile. Mkono wenyewe ulilijua.

Sasa nimalize habari ya mbuzi, maana najua yuko mtu anayeingoja.

Mwaka uliofuata tulishindana tena katika uwanja ule ule. Sikununua dawa. Mama yangu aliniuliza kama nataka mbuzi mwingine, na sijui hata leo kama aliuliza kwa huruma au kwa dhihaka. Tulicheza. Upande wa pili walikuwa hodari sana, na siwezi kuwaambia kwamba watu wote walikuja kwetu, kwa maana hawakuja wote. Walakini waliokuja hawakuondoka. Ilipofika zamu yangu nilingoja. Pigo likaja likanikuta kama alivyosema mjomba, nikalirusha jembe, nikaliona likisimama juu, nikalidaka. Mwenzangu wa kulia, yule wa mwaka uliopita, hakugeuka hata kutazama. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko makofi yote: kwamba mtu aliyekwisha ponea chupuchupu kwa mkono wangu aliweza tena kusimama karibu nami bila hofu.

Jioni mjomba alikuwa akilegeza kamba za ngoma yake kama desturi yake. Nikamwambia, "Mjomba, liliingia katika pigo la tatu baada ya kiitikio."

Akasema, "Najua. Mimi ndimi niliyelipiga."

Basi, ndugu zangu, yawezekana yuko kijana hapo mlipo, amekaa ukutani, ngoma ikipigwa husema, "Mimi sina miguu." Msimcheke, wala msimwambie maneno ya kipaji. Mketisheni karibu na ngoma. Mwambieni apige paja katika moja, tatu na tano. Na yuko mwingine, hodari wa kujisifu, ambaye ameanza kuhesabu mbuzi wa mama yake. Huyo naye mwulizeni swali lile aliloniuliza mjomba wangu: lilianguka katika pigo gani?